Vikombe vya Ngozi vya Zedekiah Ogutu

Mwaka 1955 kampuni moja ya mabasi ya Nairobi ilileta kutoka Uingereza mabasi manane yenye milango ya kujifungua yenyewe. Dereva alibonyeza kitufe, mlango ukashusha pumzi kama mzee anayeketi, ukafunguka. Wiki ya kwanza watu walipanda bila kuwa na pa kwenda. Mama mmoja wa Dagoretti alisemekana kuuaga mlango kila aliposhuka, akiutakia mchana mwema. Wiki ya sita mlango wa kwanza ukagoma, na kufikia Krismasi mabasi matano yalikuwa yakizunguka mji milango wazi, imezuiliwa kwa kamba ya katani, na kondakta kasimama pale kuifanya kazi ambayo mashine ilinunuliwa ili asiifanye.

Mtu aliyeiponya milango ile aliitwa Zedekiah Ogutu. Alikuwa Mjaluo wa Gem, umri wake thelathini na minne, mrefu, mpole, asiyesema neno akiwa na kitu mkononi. Na kwa kuwa kila saa alikuwa na kitu mkononi, baadhi ya watu wa karakana walidhani ana kiburi. Wakati wa vita alikuwa Burma akitengeneza breki za malori ya jeshi. Alirudi na nishani na ufundi. Nishani alimpa mama yake, ufundi akauleta Nairobi. Kampuni ilimwandika fundi wa daraja la tatu mwaka 1947, ikaridhika na uamuzi wake kiasi cha kutoutazama tena.

Karakana yenyewe ilikuwa chini ya Kilima cha Nairobi, pale Ngong Road inapoanza kupanda. Nyuma yake palikuwa na nyumba nne ndogo za matofali, kila moja na jiko lake, kwa mafundi Waafrika wa daraja la kwanza pamoja na wake zao. Tatu zilikuwa na watu. Ya nne ilikuwa tupu tangu asubuhi moja ya Aprili 1954, katika msako wa Hali ya Hatari, askari walipompakia lorini Wainaina, fundi wa mashine ya kuchonga chuma, pamoja na Wakikuyu wengine wote waliokuwa zamu. Mkewe alipewa saa mbili za kufunga vyombo.

Ogutu alilala katika bweni la makapera, ingawa hakuwa kapera. Mkewe, Peres Ajwang, alikuwa yaya katika nyumba ya Mzungu mmoja kule Kilimani, akilala katika chumba cha nyuma. Mume aliruhusiwa kumtembelea Jumamosi mchana, mwisho saa kumi na mbili jioni, wakati memsahib, yule bibi wa nyumba, alipowafungulia mbwa. Mtoto wao, Akelo, alikuwa Gem kwa nyanya yake. Ndoa ya miaka tisa, ukizijumlisha Jumamosi zile na likizo, ilikuwa ya miezi minane hivi. Kwa hiyo Ogutu hakutamani makuu. Alitaka daraja la kwanza kwa sababu moja tu: ile nyumba ya nne.

Msimamizi wa karakana alikuwa Bwana Thorley, Mwingereza mwembamba mwenye tabia ya kusifu, jambo lililowafanya Waafrika wamwone mwema na Wazungu wenzake wamwone ana shida. Milango ilipoanza kugoma alifungua mwenyewe silinda moja, lile bomba la hewa linalosukuma mlango. Ndani alikuta kikombe cha ngozi cha pistoni kimekauka na kupasuka kama kisigino cha mtu wa kiangazi. Vumbi la Nairobi na ukavu wake havikuwa vimefikiriwa na watu wa Birmingham walioitengeneza milango hiyo. Vikombe vipya vingechukua miezi minne melini. Kasha dogo la akiba lilikuwapo. Thorley akavitia vilivyomo, akafungulia hewa, na mlango haukutingishika hata kidogo. Hewa ilipita kando ya pistoni ikatoka upande wa pili, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Ogutu, aliyekuwa ameshika taa, aliiweka chini. Alikigeuza kikombe, mdomo ukaelekea kule hewa inakotokea, akafunga kifuniko. Mlango ukafunga kwa kishindo.

"Wewe naona nini?" Thorley aliuliza, kwa Kiswahili kile Wazungu walichojitengenezea wao.

Ogutu alisema kwamba hajaona kitu. Ameona tu kuwa kikombe kilikuwa kimeipa hewa mgongo.

Akiba ilipokwisha, Ogutu alianza kutengeneza vikombe mwenyewe. Alipata kibali cha kwenda Mutuini, ambako mzee Kiragu alikuwa bado anasindika ngozi kwa magome ya muwati, sasa ndani ya kijiji ambacho serikali ilikizungushia miti iliyochongwa ncha. Ngozi aliichagua ya mgongoni, kwa sababu ya tumboni hutanuka ovyo. Aliikata duara, akailoweka katika maji ya uvuguvugu mpaka ikalegea, akaikandamiza ndani ya kalibu ya mti wa mutamaiyu ambao ni mgumu kama deni la mahari, akaiacha humo siku mbili. Kisha aliikausha kivulini, akachonga mdomo wake ukawa mwembamba, akaitia katika mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na ya mbegu za mbarika, yenye moto wa kuvumilika na kidole. Kalibu ile ilikuwa na mwanya mdogo pembeni, hivyo kila kikombe kilizaliwa na kovu jembamba kama ukucha wa mtoto mchanga. Kovu halikudhuru kitu. Vikombe vya Birmingham vilidumu wiki sita. Vya Ogutu vilipita miezi minane.

Thorley alifurahi. Alimwambia kwamba wakubwa hawawezi kumpandisha mtu daraja kwa kusikia tu; wanataka maandishi. Aandike kwa Kiingereza jinsi silinda inavyoundwa, inavyofanya kazi, na jinsi anavyotengeneza kikombe. Maandishi yakifika, daraja la kwanza litakuja, na nyumba itafuata.

Ogutu alisoma Kijaluo na Kiswahili bila taabu. Kiingereza alikisikia; kukiandika lilikuwa jambo jingine. Ila alikuwa na Oloo.

Oloo alikuwa karani wa stoo hapo hapo karakanani, kijana wa kwao Gem, wa kilima kimoja naye. Siku aliyofika Nairobi alilala sakafuni kando ya kitanda cha Ogutu, na Ogutu ndiye aliyemdhamini kazini. Oloo aliwaandikia barua watu wote wa bweni, kwa mwandiko wa kupendeza kuliko habari zilizokuwamo. Chini ya kila barua aliweka, kama makarani wote wa barua wa siku zile: "Imeandikwa na J. Oloo." Wazee wa nyumbani walilipenda jambo hilo. Kama barua ilikuwa na matusi, walitaka kujua matusi ni ya nani na mkono ni wa nani.

Basi kwa Jumamosi nne mfululizo walikaa chumbani kwa Peres, Oloo akiandika juu ya meza ya kupigia pasi, Peres akikunja nguo za watoto wa watu, na Ogutu akisema. Hakuwa na kitu mkononi, kwa hiyo alisema kuliko alivyowahi kusema maishani.

Alisema kwamba silinda ni bomba la chuma lililozibwa pande zote mbili, na ndani limesuguliwa mpaka uso wa mtu unaonekana. Ndani ya bomba mna pistoni, na kwenye pistoni mna fimbo inayotokeza nje kupitia tundu la kifuniko. Hiyo ndiyo inayoshika mlango. Kompresa huisonga hewa ndani ya tangi. Valvu ikifunguliwa upande huu, hewa huingia na kuisukuma pistoni, na hewa ya upande ule lazima ipewe njia ya kutoka, la sivyo zitashindana mpaka jioni. Tundu la kutokea likiwa pana, mlango hupiga kama kofi. Likibanwa, mlango hufunga kwa adabu.

"Andika hivi," alisema. "Hewa haina nguvu mpaka izuiliwe."

"Omera, ndugu yangu, Mzungu atadhani ni Zaburi," alisema Oloo, lakini akaandika.

Alieleza pia kwa nini kuvuta hakulingani na kusukuma. Upande wa nyuma hewa hukuta uso mzima wa pistoni. Upande wa mbele fimbo imekula nafasi yake katikati, na hewa hubaki na pete tu ya kusukumia. Kwa hiyo fundi mwenye utu hufunga mlango kwa upande wa fimbo, ambao ni dhaifu, ili vidole vya abiria vihurumiwe. Na kikombe ndicho roho ya yote. Hakizibi kwa kubanwa na fundi. Mdomo wake ukielekea hewa, hewa yenyewe huutandaza ukutani. Kadiri inavyozidi kusukuma ndivyo inavyozidi kujifungia njia.

Kurasa zilikuwa kumi na mbili. Jumatatu Ogutu alizikabidhi kwa Thorley kwa mikono miwili.

Wiki tatu zilipita. Kisha Thorley akamwita ofisini, akamwonyesha ukurasa mmoja tu, wa mwisho, na kuweka kidole chini kabisa, palipoandikwa jina la Oloo.

"Ogutu, mimi nasikitika sana," alisema. "Hii karatasi iko ya Oloo. Yeye nasema hii kazi iko yake, wewe nasaidia tu. Sasa mimi nafanya nini? Hapana weza pa wewe daraja, hapana weza pa yeye."

Alisema hivyo akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Wiki iliyofuata alipewa cheo kikubwa huko kwao, akafanyiwa karamu, akaondoka.

Kutoka benchi la Ogutu hadi dirisha la stoo palikuwa na hatua thelathini. Hakuzitembea. Mtu ambaye kwa miaka minane alitia sahihi yake juu ya maneno hayo hayo, "Imeandikwa na J. Oloo," katika kila barua aliyopeleka kwa mama yake, aliyaona safari hii kwenye mkono wa Mzungu na hakuyatambua. Labda kwa sababu Mzungu alisikitika. Ogutu alikuwa hajawahi kusikitikiwa na Mzungu, na hakujua kwamba kusikitika nako ni kifaa cha kazi.

Jumapili alikwenda moja kwa moja kwenye chama.

Chama cha watu wa lokesheni yao ya Gem kilikutana kila mwezi katika ukumbi kule Kaloleni, kikiwa na mwenyekiti, mweka hazina na kengele ya mezani. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwapeleka wafu nyumbani. Mtu wa kwao akifia Nairobi, chama kilimnunulia sanduku na kumsafirisha hadi Gem, azikwe kwenye boma la baba yake. Kutolewa chamani, kwa hiyo, haikuwa aibu ya mchana mmoja. Ilikuwa ni kuambiwa utazikwa na manispaa.

Wanaume arobaini walimsikiliza Ogutu. Oloo, aliyekuja akidhani anakuja kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, alisikia kesi yake pamoja na wengine. Alipopewa nafasi alisema neno moja, akalirudia: jina la Ogutu liko ukurasa wa kwanza, juu, kwa herufi kubwa, lile la chini ni la mkono wa mwandishi, kama wote wanavyolijua.

"Ukurasa wa kwanza uko wapi?" mwenyekiti aliuliza.

Alikuwa nao Thorley, melini.

"Nani amesikia Mzungu akiiba karatasi ya Mwafrika?" aliuliza mzee mmoja wa nyuma. Watu wakacheka, kwa kuwa kweli lilikuwa jambo gumu kulifikiria. Vitu ambavyo Wazungu walikuwa wamechukua mpaka siku ile vilikuwa vikubwa zaidi.

Oloo alimgeukia Ogutu. "Omera, ulishindwa kuniuliza hata dirishani?" alisema. Kisha akakaa. Wakamtoa. Baada ya mwezi, kwa kuwa hakuna aliyekula naye wala kumwamkia, aliacha kazi ya stoo akaenda Dagoretti Corner, akawa karani wa Mhindi mmoja muuza misumari na mabati.

Jumamosi iliyofuata mkutano ule Ogutu alimsimulia Peres jinsi haki ilivyotendeka. Peres aliweka pasi chini.

"Baba Akelo, mimi nilikuwapo akiandika. Jina lako aliliandika kabla ya jambo lingine lolote. Aliniita nilione."

"Wewe husomi Kiingereza."

"Jina lako si Kiingereza."

Ogutu alisema shauri limekwisha kuamuliwa na wanaume arobaini, na chama hakiiti mwanamke kuwa shahidi. Peres aliinua pasi. Ilikuwa imepoa, akairudisha makaani.

Ilipita karibu mwaka. Msimamizi mpya alikuwa mtu wa vitabu na hesabu, na mwaka 1957 aliagiza vikombe vya aina mpya, vya mpira usiokauka. Vilikuja katika makasha makubwa, na kazi ya kuyafungua ilikuwa ya Ogutu, fundi wa daraja la tatu. Juu ya kasha la pili, wauzaji walikuwa wameweka gazeti la ufundi kama zawadi kwa mteja. Ogutu alilipekua kwa ajili ya picha. Katikati akamkuta Bwana Thorley akitabasamu, amevaa tai, ameshika kati ya vidole viwili kikombe cha ngozi. Pembeni ya kikombe kulikuwa na kovu jembamba.

Alikaa juu ya kasha. Wenzake walisema baadaye kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona amekaa saa za kazi. Aliziona tarakimu alizozijua, na michoro aliyoichora kwa mkaa kwenye karatasi ya kufungia sukari, sasa imepigwa rula. Maneno hakuyaweza. Bwenini walikuwapo wawili ambao wangemsomea, lakini wakati wa chakula cha mchana aliomba ruhusa, akapanda basi hadi Dagoretti Corner.

Oloo alikuwa akipima misumari. Hakumwamkia, ila alipoliona gazeti alifuta mikono yake kwenye aproni akalichukua. Alisoma kimya ukurasa mzima kabla ya kuanza kutafsiri, na sauti yake ilikuwa ile ile ya zile Jumamosi nne. Bwana Thorley anaeleza jinsi alivyovumbua, katika mazingira magumu ya koloni, kikombe kinachostahimili vumbi. Bwana Thorley alichagua ngozi ya mgongoni. Bwana Thorley alipatiwa zawadi na jumuiya ya mainjinia. Kijana mmoja wa kienyeji, ambaye hakutajwa jina, alisaidia kuchemsha mafuta na alionyesha moyo wa furaha.

Kisha Oloo akaweka kidole juu ya mstari mmoja.

"Hewa haina nguvu mpaka izuiliwe," alisoma. "Hii aliiacha hivi hivi. Nilihangaika usiku mzima kuitafutia Kiingereza chake."

Ogutu alisema alilokuja kusema. Si mtu wa maneno, na hakuwa ameyapanga. Aliomba radhi pale pale, mbele ya mizani.

"Wewe ulinishtaki mbele ya watu arobaini," Oloo alisema. "Usiniombe msamaha mbele ya misumari."

Mwezi uliofuata Ogutu alisimama chamani na kujishtaki mwenyewe. Gazeti lilipita mkono kwa mkono. Wazee walilitazama upande wa picha, wakaguna. Mwenyekiti alitangaza kwamba Oloo amerudishwa, na akaomba ieleweke kuwa chama hakikukosea, kilipotoshwa. Barua ya kumwita Oloo ilibidi iandikwe na mtu mwenye mwandiko mbaya. Jibu halikuja. Mtu aliyepita dukani alisema Oloo ameisoma, akaikunja, akasema kwamba udongo wa manispaa nao ni udongo.

Kwa msimamizi mpya Ogutu alikwenda mara moja tu. Yule bwana aliisoma makala yote kwa makini, akasema ni kazi nzuri sana na kwamba ni fahari kwa karakana kuwa Bwana Thorley aliwahi kufanya kazi hapa. Ogutu alipoonyesha kalibu yake na kovu, msimamizi alilinganisha mwanya na picha, akakubali kwamba inawezekana. Lakini ngozi, alisema, sasa ni mambo ya kale. Daraja hutolewa kwa ufundi unaohitajika. Kuhusu nyumba ya nne, ina dari nzuri na haipigwi na jua, na mpira unataka mahali pa baridi. Vikombe vipya vimekwisha kuhamishiwa humo.

Jumamosi alimweleza Peres yote, bila kujitetea. Alikuwa ametazamia ghadhabu, na kwa ghadhabu angejua la kufanya. Peres aliendelea kukunja shati dogo lenye vifungo vya bluu mpaka likawa mraba.

"Nimempa memsahib notisi," alisema. "Mwisho wa mwezi naenda Gem. Akelo amefika umri wa kusuka nywele na hajui mikono yangu."

Ogutu alisema kwamba atakata rufaa. Kwamba kuna ofisi ya kazi mjini. Kwamba nyumba nyingine inaweza kupatikana.

"Si nyumba, Baba Akelo. Nyumba tumeikosa miaka kumi, na mimi nilikuwa nangoja tu." Aliweka shati juu ya mengine. "Nilikuambia nililoliona kwa macho yangu. Ukasema sikuona. Ilibidi meli ije na picha."

Mbwa walikuwa bado wamefungwa, na zilibaki saa mbili kabla ya kufunguliwa. Ogutu alizikaa zote, kwenye kiti karibu na mlango, akimtazama mkewe akimaliza nguo za watu. Siku ya safari alimbebea sanduku hadi stesheni, akamtafutia nafasi dirishani katika behewa la daraja la tatu, akasimama pale chini mpaka treni ikaondoka. Peres alimpungia mkono, kwa sababu hakuwa mtu wa kinyongo. Jumatatu saa moja asubuhi Ogutu alikuwa benchini. Basi la Dagoretti Corner lilikuwa limeletwa mlango wazi, umezuiliwa kwa kamba. Akafungua silinda, akakuta kikombe cha mpira kimetiwa kinyume, akakigeuza. Hakumwambia mtu.